Ndege Wawili wa Nyuma ya Jiko



Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko watano, wa darasa la tano Biyo-Shimi, wanne wa kiume na mmoja wa kike. Tulipoombwa kutoa habari kwa gazeti letu, wenzetu wengi walifikiri tutaandika juu ya mpira wa miguu ao juu ya mitihani ya serikali. Waliposikia kwamba tunaandika juu ya ndege, wakacheka sana. Mmoja akasema: «Munaandika juu ya ndege, na bo banaandika juu yenu?» Tukanyamaza. Maana tunajua kwamba kama ndege wangejua kuandika, habari yetu kwao isingekuwa nzuri.

Mambo haya yalianza mwezi wa kumi mwaka 2022, wakati tulipokuwa bado darasa la nne. Mvua ilikuwa imekwisha kushika. Ninyi munajua mahali petu: shule iko juu ya kilima, chini yetu ni ziwa la Kivu, na nyuma ya jiko kuna kale ka pori kadogo ka mianzi, miavoka mitatu na vichaka vyenye miiba, mahali ambapo wapishi wanatupa maji machafu na maganda ya mihogo. Kila mtu anapita pale akifunga pua. Hakuna aliyefikiri kwamba pale kuna kitu cha kujifunza.

Siku moja mwalimu wetu wa biolojia akaingia darasani bila kitabu. Akasema: «Leo tutatoka inje.» Tukafurahi, tukifikiri ni mapumziko. Akatupeleka mpaka kwenye kile kichaka, akatusimamisha kimya, akasema: «Sikilizeni.» Ndipo tukasikia sauti tuliyoijua wote tangu siku ya kwanza ya enternati. Sauti tatu za chini, safi kama kengele, ko-ho-ko, na mara moja juu yake sauti moja ya kukwaruza, hwii. Ko-ho-ko-hwii. Ko-ho-ko-hwii. Sisi wa enternati tulimwita huyo ndege «Kengele», kwa sababu alituamsha saa kumi na moja na robo, kabla mwenye zamu hajapiga ile rimu ya gari inayotundikwa mbele ya ofisi.

Mwalimu akauliza: «Ni ndege wangapi?»

Darasa zima likajibu kwa sauti moja: «Mumoja!»

Hakusema kitu. Akatugawanya. Nusu wakaenda upande wa mianzi, nusu wakabaki chini ya mwavoka. Tukasikiliza tena. Kumbe sisi wa upande wa mwavoka tulisikia ile ko-ho-ko karibu sana, juu ya vichwa vyetu, lakini hwii ilitoka mbali. Na wale wa mianzi walisikia hwii karibu na masikio yao, na ko-ho-ko ikatoka mbali, kwetu. Walikuwa wawili! Mume na mke, kila mmoja anajua mahali pa kuingia, na kati ya sauti ya huyu na sauti ya yule hakuna nafasi hata ya kupepesa jicho. Miaka mitatu ao mine tulikuwa tumelala karibu nao, na hatukujua.

Basi mwalimu akatupa kazi. Kila kundi la watu watano lichague ndege mmoja, limsikilize na kumtazama juma mbili, tangu siku ya kwanza tarehe 10 mpaka tarehe 23. Akasema: «Sitaki kusoma kwamba ni mzuri ao kwamba ana rangi. Nataka kujua anafanya nini, saa gani, na pamoja na nani.» Sisi tukachagua Kengele, maana alikuwa karibu na dortwari, na tulifikiri kazi itakuwa nyepesi.

Mbele ya kuendelea na Kengele, inafaa tuseme kidogo juu ya ndege wengine ambao wenzetu walichagua, kusudi muone vile lupango yetu ilivyo na watu wake.

Kundi la kwanza walichukua wale ndege wa manjano wanaopiga kelele juu ya mti mbele ya kanisa, wanaoitwa mnana. Hao wanasuka nyumba zao kwa nyuzi za majani. Dume anaanza kwa kufunga duara moja tu, anasimama ndani yake, kisha anasuka mbele na nyuma mpaka nyumba inafungika. Akimaliza, ananing'inia chini ya mlango, anapigapiga mabawa na kuita. Jike anakuja kutazama. Anaingia, anavuta nyuzi kwa mdomo, anatoka. Akikataa, na nyumba ikikauka na kuwa ya rangi ya udongo, dume mwenyewe anaivunja na kuanza ingine mahali palepale. Wenzetu walihesabu dume mmoja aliyevunja mara mbili katika juma mbili. Wavulana wa darasa walimhurumia sana, na wasichana wakasema iko vizuri.

Kundi la pili walichukua shore, yule wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Huyu hana aibu. Anakula paipai mezani pa mwalimu, anaimba mapema, na akiona nyoka ao paka anaita wenzake wote, wanamzunguka na kumpigia kelele mpaka anaondoka. Mama mpishi alituambia kwamba yeye akisikia shore wakigombana karibu na kuni, hatii mkono pale kabla ya kutazama. Tena ni akili nzuri.

Kundi la tatu walichukua yule mdogo mwenye mdomo mwekundu na mkia mrefu kuliko mwili wake, ambaye vitabu vya Kiswahili vinamwita fumbwe. Dume anavaa ule mkia wakati wa kuzaa tu. Ukipita unaanguka, na yeye anabaki wa kawaida kama jike. Hao hawajengi nyumba. Jike anataga mayai ndani ya kiota cha ndege wengine wadogo wanaokula mbegu za majani, na kile kitoto kikitoka kinafungua kinywa chenye madoa yanayofanana na ya watoto wa mwenye nyumba. Basi mama anamlisha pamoja na wake. Lakini tofauti na ndege wengine wenye tabia hiyo, kitoto cha fumbwe hakitupi watoto wa mwenye nyumba inje. Kinakula nao tu, kama mugeni aliyekuja kwa siku mbili na akamaliza mwaka.

Kundi la ine walichukua chozi, wale wenye midomo myembamba iliyopinda, wanaonyonya maji matamu ya maua. Walimaliza saa nzima wakibishana kama ni mweusi ao wa kijani, mpaka jua likatoka na wakaona kwamba ni ndege mmoja: kivulini anaonekana mweusi, na juani anang'aa kama shaba.

Mwalimu alituambia kwamba duniani kuna namna kama elfu kumi na moja za ndege, na karibu nusu yao wanahesabiwa kuwa ndege waimbaji. Hawahesabiwi kwa uzuri wa sauti, maana hata kunguru yumo katika jamaa hiyo, na kunguru tunamjua vile anavyoimba. Wanahesabiwa kwa kile chombo cha sauti. Sisi watu sauti yetu inatoka kooni juu. Ndege sauti yake inatoka chini kabisa, ndani ya kifua, pale ambapo njia ya pumzi inagawanyika mara mbili kwenda kwa mapafu. Chombo hicho kinaitwa sirinksi. Na kwa ndege waimbaji kina misuli mingi midogo, na upande wa kushoto na wa kuume vinaweza kutoa sauti mbalimbali kwa wakati uleule. Ndiyo sababu ndege mmoja anaweza kufanya kazi ambayo katika kwaya yetu inahitaji watu wawili.

Tena akasema neno moja tulilolishika sana: ndege mwimbaji hazaliwi akijua wimbo wake wote. Anajifunza. Kitoto kinasikiliza wazee, kinaanza kwa kubabaika kama mtoto mdogo anayejifunza kusema, kinakosea, kinarudia, mpaka kinashika. Ukikilea peke yake mahali ambapo hakisikii wenzake, kitaimba, lakini wimbo wake utakuwa mbovu, bila mpango. Kwa hiyo wimbo ni urithi. Unatoka kwa mzee kwenda kwa mtoto, na ukikatika, hakuna mahali umeandikwa.

Sasa turudi kwa Kengele wetu.

Juma ya kwanza tulifanya kazi vizuri. Dada yetu alikuwa na daftari, na alikuwa akisikiliza kutoka kwenye robine ya maji. Sisi wanne tulisikiliza kutoka dirishani. Tuliandika saa ya wimbo wa kwanza, hesabu ya nyimbo kabla ya jua kutoka, na nani ameanza. Tuligundua kwamba mara nyingi mwenye ko-ho-ko ndiye anayeanza, lakini si kila siku. Tuligundua kwamba wako na nyimbo zaidi ya moja. Kulikuwa na ingine ya sauti mbili tu, na ingine ambayo hwii iliingia katikati. Kila walipobadilisha, walibadilisha pamoja. Kuwaona ilikuwa kazi ngumu. Wanapenda kujificha ndani ya majani mazito, wakitafuta wadudu chini, tena inasemwa wanaiba hata mayai ya ndege wengine. Si malaika. Tuliwaona mara tatu: weusi juu, mstari mweupe kwenye bawa, weupe tumboni kama wamevaa shati ya siku ya mungu. Mume na mke hawana tofauti. Kwa macho huwezi kujua huyu ni nani.

Sasa tunafika mahali ambapo ni aibu kusema.

Ninyi wa enternati munajua chakula chetu. Bugali na maharagi, bugali na sombe, na siku ya nne sambaza kidogo kama ziwa limekubali. Hatuandiki hivi kulalamika; wazazi wetu wanalipa vile wanavyoweza, na wapishi wanapika vile wanavyopewa. Lakini kijana wa miaka kumi na saba ana njaa tangu asubuhi mpaka asubuhi. Kwa hiyo tangu zamani wavulana wa dortwari yetu wako na manati, ile panda ya mti yenye mipira miwili. Siku ya posho jioni wanazunguka vichaka. Wakipata ndege watatu ao wane, wanawachoma juu ya mbabula nyuma ya dushi, wanatia chumvi, na wanajisikia wakubwa.

Siku ya posho, tarehe 15, saa kumi na mbili kasoro, sisi wanne tulikuwa na manati nyuma ya jiko. Hatukuenda kwa Kengele. Tulienda kutafuta njiwa. Kitu kikaruka chini karibu na maganda, nyeusi na nyeupe, kikasimama. Mwenzetu mwenye mkono mzuri akavuta. Hatutasema ni nani, kwa sababu wote wane tulisema «piga», na hakuna aliyesema «acha». Jiwe likampata kichwani.

Tulipomwokota tulijua mara moja. Alikuwa na moto bado mkononi. Mmoja akasema: «Lakini ni Kengele.» Mwingine akajibu: «Amekwisha kufa. Tumutupe, ao tumule?» Tukamla. Tunaandika hivi kwa sababu ndiyo kweli.

Usiku tukalala.

Asubuhi ya siku ya mungu, saa kumi na moja na robo, tukasikia: ko-ho-ko. Kisha kimya. Ko-ho-ko. Kimya. Mulikuwa na shimo mahali pa hwii. Wavulana wengine wa dortwari, ambao hawakujua kitu, walianza kuuliza: «Kengele iko na nini leo?» Mmoja akajibu kwamba labda imegonjwa. Sisi wane tulivuta blanketi juu ya vichwa. Akaita vile mpaka jua likatoka, na dada yetu kule kwenye robine alikuwa akiandika kila kitu katika daftari, maana yeye hakujua.

Siku ya kwanza, vilevile. Siku ya pili, vilevile. Alikuwa akisogea. Kwanza aliita kutoka kwenye mwavoka, kisha kutoka mianzi upande wa mwenzake, kisha kutoka mbali, karibu na makaburi, kisha akarudi. Siku ya tatu dada yetu akatuonyesha daftari, akasema: «Tangu siku ya mungu hakuna jibu hata moja. Wimbo wa kuitika umepotea. Munafikiri ni nini?» Tukatazama chini. Yeye si mjinga. Akafunga daftari polepole, akauliza: «Ni ninyi?»

Tulipokubali, hakutupigia kelele. Alienda zake. Siku mbili hakusema nasi.

Siku ya tano jioni tukakutana watano kuandaa kazi ya kutoa. Ndipo mabishano yakaanza. Mmoja wetu akasema: «Tuandike tu kama bangali babili. Mwalimu atajua namna gani? Tunachukua hesabu ya juma ya kwanza, tunabadilisha kidogo, tunaweka kwa juma ya pili.» Mwingine akaongeza: «Tukisema kweli, mukubwa wa nidhamu atasikia. Manati ilikatazwa. Batatufukuza, na baba yangu aliuza mbuzi kwa ile makuta ya shule.» Hilo halikuwa neno la mchezo. Baba yake aliuza mbuzi kweli, tuliona barua.

Dada yetu akasikiliza wote, kisha akasema: «Miye sitaandika bongo. Mukitaka, muandike ninyi na jina langu muliondoe. Lakini mukiandika kwamba bangali babili, yule mumoja anayeita kila asubuhi, anaita nini?»

Tukakaa kimya kwa muda mrefu. Yule mwenye baba wa mbuzi ndiye aliyeitika wa kwanza. Akasema: «Basi, tuandike.» Tukaandika yote: saa, manati, jiwe, mbabula, na chumvi. Tukaandika hesabu ya juma ya pili vile ilivyokuwa: nyimbo za nusu asubuhi kwa asubuhi, na upande wa majibu tukaandika sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho wa ukurasa. Tukatoa kazi siku ya kwanza tarehe 24, na mikono ikitetemeka.

Mwalimu alikaa na madaftari siku tatu. Siku ya ine akatuita watano baada ya masomo. Hakukasirika usoni. Aliuliza swali moja tu: «Nyama yake ilikuwa na uzito gani?»

Tukasema hatukupima.

Akachukua chaki, akaandika ubaoni: gramu 50. «Ndege huyu mzima ana uzito kama huo. Ondoeni manyoya. Ondoeni mifupa, kichwa, miguu, matumbo. Kinachobaki, mukigawanye kwa watu wane.» Tulijaribu kufanya hesabu. Sehemu ya kila mmoja haikufika hata sambaza mbili. Akafuta ubao. Akasema: «Sitawapeleka kwa nidhamu, kwa sababu mulijipeleka wenyewe. Lakini kazi yenu haijaisha. Wengine walipewa juma mbili. Ninyi mutamsikiliza yule aliyebaki mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, na mutaniletea daftari kila mwisho wa mwezi.»

Hiyo ndiyo azabu yetu. Wakati ule tulifikiri ni nyepesi.

Ndugu wasomaji, kusikiliza kitu ulichokiharibu wewe mwenyewe, kila siku saa kumi na moja na robo, si kazi nyepesi. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa mbaya kuliko yote. Siku zingine hakuimba kabisa, tukafikiri amehama ao amekufa. Kisha, mara mbili katika mwezi ule, tulisikia jambo ambalo liliwashangaza hata walioamka wakichukia. Tulisikia ko-ho-ko-hwii, nzima, vile vile kama zamani! Tukakimbia na mashuka inje, tukifikiri mwenzake amerudi kutoka kwa wafu. Tukajigawanya pande mbili kama mwalimu alivyotufundisha. Sauti zote zilitoka mahali pamoja. Alikuwa peke yake, na alikuwa akiimba sehemu yake na ile ya mwenzake.

Tulimpelekea mwalimu habari hiyo tukidhani hatatukubali. Akasema ni jambo linalojulikana. Mtaalamu mmoja Mwingereza, W. H. Thorpe, alichunguza ndege wa jamaa hii katika Afrika ya Mashariki na kutoa kitabu mwaka 1972 juu ya namna wanavyoimba wawili wawili. Yeye na wenzake waliona kwamba mmoja akikosekana, aliyebaki anaweza kuimba wimbo wote peke yake, na mwenzake akirudi, wanagawana tena kama mbele. Maana yake kila mmoja anajua sehemu ya mwingine, lakini wakiwa pamoja haitwai. Anaacha nafasi. Dada yetu aliandika neno hilo kwa wino mwekundu: «Anaacha nafasi.»

Krismasi tukaenda likizo. Tuliporudi mwezi wa kwanza 2023, tulimsikia bado peke yake. Lakini karibu na katikati ya mwezi wa pili, asubuhi moja kukawa na jibu. Halikuwa hwii. Lilikuwa kama mtu anayepasua kitambaa, kh-rrr, tena liliingia vibaya, mbele ya wakati, juu ya ko-ho-ko yenyewe. Ndege mgeni. Hatujui alitoka wapi. Kwa majuma mengi walikuwa kama kwaya yetu siku mwalimu wa nyimbo hayupo: huyu anaingia mapema, yule anachelewa, wananyamaza wote, wanaanza tena. Tulicheka kitandani, na ni mara ya kwanza tulicheka juu ya jambo hilo.

Mwezi wa ine wakapatana. Wimbo wao ukashikamana, bila nafasi kati, na wanafunzi wa kwanza waliokuja shuleni mwaka uliofuata hawajui kwamba kulikuwa na mwingine. Wakiulizwa ni ndege wangapi, wanajibu «mumoja», kama sisi. Lakini daftari letu linajua. Wimbo wa sasa ni ko-ho-ko-khrr. Ule wa zamani, ule wenye hwii safi, uliotuamsha tulipokuwa wadogo wa mwaka wa kwanza tukilia usiku kwa kutaka mama zetu, hatukuusikia tena. Ulikuwa wa wale wawili, na hatukuacha hata wawili.

Tuliandika mengi juu ya ndege mmoja wa maganda ya mihogo. Mwingine atauliza: iko faida gani? Ndege huyu si wa shida kupatikana; yuko katika inchi nyingi za Afrika, na hatukumaliza kabila lake. Ni kweli. Lakini tazameni vile tunavyojua kidogo juu ya vitu vilivyo karibu nasi. Mwanzo wa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba wataalamu, Wakongomani pamoja na wa kutoka Marekani, waliopanda milima ya Itombwe, humu humu katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, walipiga picha za ndege mweusi mwenye ushungi wa manjano kichwani, ambaye kwa vitabu anaitwa Prionops alberti. Karibu miaka ishirini wataalamu walikuwa hawakumwona, na wengi walihofu kwamba amepotea kabisa. Alikuwapo. Watu wanaokaa na kupita katika msitu ule, nani aliwauliza? Labda kuna kijana mwenye manati aliyemwona kabla ya wote, na akamwona kwa njia ya mbabula.

Hatuandiki hivi kuhukumu mtu. Njaa ya enternati haikuisha kwa sababu sisi tumesikitika. Kwa hiyo, tangu mwezi wa tatu 2023, sisi wane tulileta kila mmoja dende mmoja kutoka kwetu, tukaomba kwa prefe kajumba kadogo ka mbao nyuma ya dortwari. Majani tunakata wenyewe, na maganda ya viazi mama mpishi anatupa. Wakati tunaandika, wamefika ishirini na sita, ijapokuwa mbwa wa jirani alikula watano. Kila mwisho wa mwezi tunakula wawili ao watatu, na nyama yake inaonekana kwa sahani. Anayetaka mbegu aje atuone. Tunatoa dume na jike kwa atakayetupa manati yake. Hatutaki franga. Mpaka sasa tumepata manati saba, na moja tulipewa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakujua kuivuta.

Mwisho, tunawaomba jambo moja jepesi. Kesho asubuhi, mbele ya rimu kulia, musiamke kwa haraka. Lala kimya, sikiliza upande wa jiko. Kisha hesabu ni wangapi, na usijibu mbio.

Asanti kwa dada yetu, ambaye jina lake lilibaki kwa daftari.

Sisi watano wa darasa la tano Biyo-Shimi